Mpe Jembe, Mwite kwa Jina

Leo nina barua mbili. Waandishi wake hawajuani, lakini ukizisoma pamoja utadhani wanajibizana. Ya kwanza hii hapa.

"Yaya, shikamoo. Nina miaka 24, kwetu ni upande wa Pweto, Congo. Tulivuka mpaka na mama na wadogo zangu, sasa tunaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia. Nauza sombe, yaani mboga ya majani ya mihogo, na mawese sokoni. Juzi mama mmoja alinunua mawese, nikamrudishia chenji, akaihesabu mara tatu watu wakiona. Kisha akasema kwa sauti, 'Nyie wa Congo mnajulikana. Mrudi kwenu.' Wenzangu wa meza za jirani walinyamaza kimya. Yaya, kwetu tulichomewa nyumba kwa ajili ya kabila. Nilidhani tukivuka nitaiacha hiyo chuki nyuma. Sasa naona ipo kila mahali, na mimi mwenyewe nimeanza kuwachukia hawa watu. Nifanye nini nisikate tamaa?"

Marahaba, mdogo wangu. Na pole. Pole ya nyumba, na pole ya ile chenji. Sitakuambia kwamba ulisikia vibaya, wala kwamba mama yule alikuwa na mambo yake siku hiyo. Ulitukanwa mbele ya watu ukiwa kazini kwako, na kuumia kwako ni haki yako.

Lakini katika barua yako nzima, sentensi iliyonifanya niweke chini kila kitu ni ile ya karibu na mwisho, kwamba umeanza kuwachukia "hawa watu". Tuanzie hapo, maana kwa hayo mengine tutapata msaada, ila moyo wako ukishaharibika ni wewe utakayelala nao.

Chuki haijui jina la mtu

Mama yule hakukuambia wewe kwamba umemwibia. Chenji ilikuwa sahihi, na yeye aliihesabu mpaka akaridhika. Alikuambia "nyie". Na wewe ukaniandikia "hawa watu". Mmeonana dakika mbili, na kila mmoja ameondoka akiwa amebeba kabila zima la mwenzake mgongoni. Chuki ndivyo inavyofanya kazi popote inapopita: inafuta jina la mtu na kumwacha na jina la kundi tu.

Ulikotoka unalijua hili kuliko mimi. Katika jimbo la Tanganyika, hukohuko Congo, kuanzia mwaka 2013, Watwa na Waluba waliokuwa wakiishi jirani kwa vizazi waliingia katika mapigano yaliyochoma vijiji vya pande zote mbili. Na watu wa Pweto, Mitwaba na Manono waliteseka kwa makundi yenye silaha kwa miaka mingi kiasi kwamba eneo lao likaitwa pembetatu ya mauti. Aliyechoma nyumba yenu hakuuliza mama yako ni mtu wa namna gani, wala kama aliwahi kumnyima mtu maji. Alitaka kujua kabila, basi.

Na hukohuko Tanganyika, watu walipochoka kuzika, walianza kukaa kwenye mabaraza ya amani, Watwa na Waluba kwenye mkeka mmoja, wakitajana kwa majina: fulani alilima shamba la nani, nani alipe nini, nani arudishiwe nini. Hayakumaliza kila ugomvi. Lakini angalia walikoanzia. Walianza kwa kurudishiana majina.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako, mdogo wangu, ni huu: usimjibu mama yule kwa wingi. Hasira yako iwe kwake yeye na kwa neno lake, siku ile, kwenye meza ile. Ikitaka kupanuka ikawameza wote wa Nchelenge, izuie. Wataje kwa majina wale ambao hawakukutendea hivyo. Nani alikuonyesha mahali pa kuteka maji siku za mwanzo? Mwalimu gani amempokea mdogo wako darasani akiwa hajui Kibemba wala Kiingereza? Nesi gani alimshika mama mkono? Andika majina hayo kwenye karatasi, uyasome jioni. Kufanya hivyo si kujidanganya. Majina hayo ni ushahidi, na chuki hutaka usiuangalie.

Ardhi iliyotolewa

Nawe msomaji mwenyeji, nisikilize hapa, maana kuna jambo tulilifanya mwambao huu wa ziwa letu, Mweru, ambalo tunalisahau haraka mno.

Kuanzia Agosti 2017, watu kutoka majimbo ya Congo ya Haut-Katanga na Tanganyika walianza kuvuka kuja kwetu, wengi wakiwa akina mama na watoto, wametembea porini siku nyingi. Walipokewa kwanza kwenye kituo cha muda cha Kenani. Hakikuwa mahali pa mtu kuishi kwa miaka. Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, hapahapa wilayani Nchelenge, na baada ya muda mfupi walioishi humo walizidi elfu kumi. Ardhi ile haikushuka kutoka mbinguni. Ni ardhi ya wilaya yetu, chini ya machifu wetu, na machifu wakakubali itolewe. Wala wakimbizi hawakuzungushiwa waya. Mpango ulikuwa wakimbizi na wenyeji waishi pamoja, watoto wasome shule moja, wagonjwa wapange foleni kwenye zahanati moja, na familia zipate sehemu ya kulima.

Wazee wa Kiswahili walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako wanaoitumia methali hii kumkaripia mgeni mvivu. Mimi naiona kama heshima kubwa kuliko sahani ya wali ya siku ya kwanza. Ukimpa mtu jembe umemwambia kwamba una kipande cha ardhi kwa ajili yake, kwamba unamtegemea, na kwamba msimu wa mavuno bado atakuwepo.

Watanzania walifanya hivyo mapema. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baada ya miaka michache wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada kwa majirani. Mwaka 2014 Tanzania ikatangaza uraia kwa watu wapatao 162,000 wa jamii hiyo, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukohuko. Zambia nayo haikuanza jana. Mayukwayukwa imepokea watu wa Angola tangu 1966, Meheba tangu 1971. Na wenye umri wangu mnaikumbuka Desemba 2000, Pweto ilipotekwa vitani na watu wakamiminika upande wetu, wengi wakaishi kambi za Kala kule Kawambwa na Mwange kule Mporokoso mpaka zilipofungwa mwaka 2010. Watoto waliokua Kala leo wana watoto wao, na wapo kati yao waliojikuta wakikimbia njia ileile kwa mara ya pili.

Nimewatajia miaka hii ili mjue tumaini ninalolisema si la kubuni. Watu wa kawaida wamekwisha kulifanyia kazi, tena katika nchi ambazo hazina fedha za kuchezea.

Wema wa upande mmoja huchosha

Sasa barua ya pili. Imetoka Mwansabombwe, hukuhuku kwetu Zambia.

"Dada, mimi ni mwenyeji, nina watoto wanne. Sina chuki na mtu. Lakini hawa wakimbizi wanapewa chakula, wanapewa fedha, wanapewa mablanketi. Sisi tunawaangalia tu, na shida zetu ni zilezile. Nikisema, naambiwa nina roho mbaya. Mwaka juzi niliwapa wawili mbegu za mihogo. Leo najiuliza, mimi nani alinipa? Je, nimekuwa mtu wa chuki?"

Hapana, mama. Wewe umetoa mbegu. Mtu wa chuki hatoi mbegu. Ulichonacho ni lalamiko, na lalamiko ni halali. Nataka wasomaji wote waone tofauti hii, maana wengi huvuka mpaka bila kujua.

Ukisema, "Msaada umegawanywa bila kutuhesabu sisi maskini wa hapa," hilo ni lalamiko. Lina mwenye kulijibu: ofisi ya wilaya, diwani, chifu, kamati ya zahanati, kamati ya wazazi ya shule, na mashirika yanayogawa. Lipeleke huko, tena mwende kundi, mkiwa na mifano mkononi. Ukisema, "Watu wale ni wezi, wale wanatumaliza," umeacha lalamiko, umeingia kwenye chuki. Na chuki haina ofisi ya kuipokea. Itamwangukia binti anayeuza mawese, ambaye hakugawa kitu chochote kwa mtu yeyote.

Uangalie na majira, mama. Kila mwaka kuanzia Desemba mosi mpaka mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ziwani ili samaki wazaane. Ni sheria nzuri, bila hiyo Mweru ingekuwa maji matupu. Lakini ndiyo miezi samaki wanapoadimika, mitumbwi inageuzwa kifudifudi mchangani, na nyumba nyingi zinaishi kwa katapa, mboga ileile ya majani ya mihogo, na ubwali, yaani ugali, wa mihogo tu. Miezi hiyohiyo mvua inanyesha na shamba bado halijatoa. Nimeona kwa macho yangu jinsi maneno yanavyokuwa makali sokoni wakati huo. Njaa hutafuta mtu wa kumlaumu, na mgeni ndiye anayeonekana haraka. Basi mkijua Desemba inakuja, jipangeni Oktoba na Novemba: nani ana ziada ya mihogo mikavu, nani anahitaji, mtapanga vipi kupokezana.

Neno hilo, kupokezana, ndilo ninalotaka mwondoke nalo leo. Wema wa upande mmoja huchosha pande zote mbili. Anayetoa kila siku mwisho huhesabu, hujiona mjinga, kama ulivyoanza kuhesabu wewe mama. Na anayepokea kila siku huinama kidogo kidogo mpaka mgongo unakauka ukiwa umepinda, halafu huanza kumchukia anayempa. Nimeona watu wazuri wakigombana kwa sababu hiyo, wala hapakuwa na mbaya kati yao. Wema unaodumu ni ule ambao leo nimekupa mbegu, kesho umenishikia mtoto, keshokutwa hakuna anayekumbuka nani alianza.

Kwa hiyo, mama yangu wa Mwansabombwe, nenda kwa wale wawili uliowapa mbegu. Usiende kudai. Nenda uombe. Waambie, "Shamba langu lina magugu, njooni mnisaidie siku moja, nami nitapika." Utakuwa umewapa kitu kikubwa kuliko mbegu: nafasi ya kukufaa. Methali nyingine inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitamka kwenye harusi na misibani bila kuitazama. Inasema mwenyeji naye ni mgonjwa wa kitu fulani, na mgeni kaja na dawa. Mpe nafasi ya kuitoa.

Na wewe binti wa Mantapala, usingoje kuombwa. Unauza mawese na sombe. Unajua kwamba wateja wa Zambia wanapenda mbasela, ile nyongeza kidogo ya mwisho. Niliwahi kusimama sokoni Kashikishi nikimtazama muuzaji mmoja wa chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Alijaza kopo mpaka likawa na kilele, akalimimina kwenye mfuko, kisha akachota konzi moja tena kwa mkono na kuiongeza, huku akimuuliza mteja kama mtoto amepona homa. Mteja alikuwa anazungumza Kiswahili cha Katanga, muuzaji Kibemba. Walielewana vizuri kabisa. Ile konzi ya samaki haikuzidi thamani ya kwacha chache. Lile swali kuhusu mtoto ndilo lililomrudisha mteja kwenye meza ileile. Fanya hivyo. Toa mbasela, na uulize mtoto anaendeleaje, kwa jina.

Walioangalia pembeni

Umeniambia wenzako wa meza za jirani walinyamaza. Najua kimya kile kilikukata kuliko tusi. Nataka sasa niseme na hao walionyamaza, maana najua baadhi yenu mnanisoma.

Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilivamiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Waliamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu walikataa. Kabla ya hapo kina mama wa Kiislamu walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Waliwaambia wavamizi: tuueni wote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alikuwa mmoja wa waliokataa, akapigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kenya ikamtunuku nishani baada ya kifo chake. Kabla ya kufa aliwahimiza watu waishi pamoja kwa amani.

Wadogo zangu, kwenye soko la Nchelenge hakuna aliyewaelekezea bunduki. Mlichohitaji kusema kilikuwa sentensi moja. Na kwa kuwa najua hatuwezi kumjibu mtu mzima kwa ukali mbele za watu, nawapa sentensi yenye adabu zake: "Mama, chenji ni sahihi, nimeiona mimi. Huyu ni jirani yangu." Basi. Hujamtukana mkubwa, hujapigana. Umemwondoa binti kwenye "nyie", umemweka kwenye "jirani yangu". Kama sauti yako haitoki, sogea ukasimame karibu naye. Kama hata hilo limekushinda siku ile, nenda jioni ukamwambie, "Nilisikia, na halikunipendeza." Ukichelewa, bado nenda.

Nawe binti, chagua mmoja kati ya hao walionyamaza, yule unayemwona ana moyo. Usimsimange. Mwambie kwa jina lake, "Siku ile niliumia. Ungesema neno moja lingenisaidia sana." Wengi hunyamaza kwa kutojua la kusema, si kwa kukubaliana. Ukimwambia, siku nyingine atajua.

Uvumi unapofika kwenye simu yako

Kuhusu uvumi lazima niseme waziwazi, kwa sababu umeshaua watu katika nchi hii.

Aprili 2016, mitaani Lusaka, zilisambaa habari kwamba Wanyarwanda wenye maduka wanahusika na mauaji ya kishirikina. Kulikuwa na mauaji kweli, watu walikuwa na hofu kweli. Lakini hofu hiyo iligeuzwa kuwa jina la taifa. Maduka zaidi ya 60 yakaporwa. Watu wawili wakachomwa moto mpaka wakafa, na baadaye ikathibitika kwamba wote wawili walikuwa Wazambia. Tafakarini hilo. Umati uliotoka kuwatafuta wageni uliwaua ndugu zao wenyewe. Siku hizohizo kanisa mjini Lusaka lilifungua milango yake, Wanyarwanda waliokimbia mitaa wakalala humo salama. Mji ule ule, wiki ile ile, ulikuwa na wote wawili, mwenye kiberiti na mwenye ufunguo wa kanisa. Na kila mtu alichagua awe yupi.

Kwa hiyo ukiletewa ujumbe wa sauti au picha unaosema "wakimbizi wamefanya hivi", jiulize mambo matatu kabla ya kidole chako kugusa kitufe cha kutuma. Nani ameona kwa macho yake, na jina lake ni nani? Imetokea wapi na siku gani? Na nikiituma, nani anaweza kupigwa kesho asubuhi? Ukikosa jibu la swali la kwanza na la pili, swali la tatu limekwisha kukujibu. Usitume. Kisha fanya zaidi ya kunyamaza: andika kwenye kundi hilohilo, "Jamani, tuulize kwanza." Kama kweli kuna uhalifu, polisi wapo, viongozi wa kijiji wapo. Mwizi ashtakiwe kwa jina lake, awe wa Kawambwa hapa kwetu au wa Kilwa ya ng'ambo, Congo.

Mikono kwenye kazi moja

Mtaniuliza, dada, je watu hubadilika kweli? Hubadilika, na wataalamu wamelichunguza. Mwaka 1954 msomi wa Marekani, Gordon Allport, aliandika kitabu juu ya chuki za makundi. Alisema kukutana tu hakutoshi. Watu wanaweza kukutana sokoni kila siku na bado wakachukiana. Kukutana kunakotibu kuna masharti: wawe sawa wanapokutana, wawe na lengo moja, wafanye kazi bega kwa bega, na wakubwa wao waunge mkono jambo hilo. Wachunguzi wengi waliofuata wamemkuta yuko sahihi katika mengi.

Tuyalete nyumbani. Wafikirie mama Mzambia akigawa nguo kuukuu na mama Mkongo akizipokea: wamekutana, lakini hawako sawa. Sasa waweke wote wawili kwenye kamati ya kisima, ufunguo wa pampu unashikwa kwa zamu, mchango ni mmoja, na chifu ameibariki kamati. Pampu ikiharibika wote wanakosa maji, wote wanatafuta fundi. Hapo ndipo "nyie" hukosa pa kukaa.

Au chukueni chilimba. Kila mwanamke wa Zambia anaijua: kila mwezi mnachanga, mwezi huu anabeba huyu, mwezi ujao yule. Wakongo wanayo, wanaiita likelemba. Tanzania ni upatu. Anzisheni chilimba moja ndogo ya watu sita, watatu wa hapa na watatu wa Mantapala, kiasi ambacho hata muuza mboga atakimudu. Mtu hawezi kukaa kwenye chilimba na mtu asiyejua jina lake wala nyumba yake. Na siku zamu ya binti wa Pweto itakapofika, akabeba fedha zilizochangwa na mama wa Mwansabombwe, halafu mwezi unaofuata akachanga bila kukosa, ile hadithi ya "mnajulikana" itakufa yenyewe.

Na kwa wale mnaodhani damu ya hapa ni moja tangu mwanzo, nendeni kwenye sherehe ya Mutomboko mwezi Julai mkamtazame Mwata Kazembe, chifu mkuu wa Walunda, akicheza na upanga na shoka. Ngoma ile ni ya ushindi wa Walunda, waliotoka magharibi, kutoka nchi ya Mwata Yamvo, wakavuka mto Luapula katika karne ya 18. Walikuja kwa upanga, na Washila waliowakuta hapa walikuwa na majeraha yao. Leo mjukuu wa Mlunda na mjukuu wa Mshila wameoana, wanazungumza Kibemba, na kwenye kiwanja cha Mutomboko wanashangilia pamoja. Waliokuja juzi kutoka ng'ambo hawakuja na upanga. Walikuja na masufuria na watoto. Tukishindwa kuishi na hawa, tutakuwa tumeshindwa na kazi nyepesi kuliko ile ya babu zetu.

Mpaka wa uvumilivu

Binti, neno la tahadhari. Sikuambii uvumilie kila kitu. Mtu akikutisha kwa kipigo, akikushika mwili, akikufuata njiani, au akikudai kitu cha aibu ili akupe huduma, hapo wema wa jirani peke yake hautoshi. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo. Nenda polisi, au kwa maafisa wa serikali wanaosimamia wakimbizi, au kwa wafanyakazi wa UNHCR hapo makazini, na usiende peke yako. Sheria ya Wakimbizi ya Zambia ya mwaka 2017 inakutambua. Uko hapa kihalali. Na kama usingizi haurudi, kama ile nyumba inawaka kila ukifumba macho, zungumza na mhudumu wa afya. Hilo ni jeraha kama jeraha lingine, na lina matibabu yake.

Umeniuliza ufanye nini usikate tamaa. Sitakuahidi kwamba hutasikia tena neno baya, utalisikia. Lakini tumaini si kungoja siku watu wote watakapokuwa wema. Tumaini ni kujua majina ya watu watano ambao ukiugua watakuja, na wao wanajua kwamba wakiugua wewe utakwenda. Hao watano unaweza kuwapata, na umeshaanza, maana umeniandikia mimi.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni hii, na ni ya kila msomaji. Mwenyeji, jifunze jina la mgeni mmoja na umwombe msaada mmoja. Mgeni, jifunze jina la mwenyeji mmoja na umpe kitu kimoja kilichotoka mkononi mwako. Uliyenyamaza siku ya neno baya, nenda ukaseme. Kisha mniandikie mmefanikiwa vipi, na mlipokwama mniandikie pia, tusaidiane. Barua zenu nazisoma zote.

Mbaki salama, wadogo zangu. Nawapenda, wa huku na wa ng'ambo.

Dada yenu.